Haki za Binadamu Zianze Kwenye Barua ya Kwanza

Agosti 20, 2016, jijini Rio de Janeiro, Margaret Nyairera Wambui wa Endarasha, Kaunti ya Nyeri, alishinda nishani ya shaba ya Olimpiki katika mbio za mita 800 kwa muda wa 1:56.89. Waliomtangulia ni Caster Semenya wa Afrika Kusini na Francine Niyonsaba wa Burundi. Miaka mitatu haikuisha kabla ya jukwaa zima la washindi kufungiwa mbio hizo. Kuanzia Mei 8, 2019, shirikisho la riadha duniani, ambalo wakati huo liliitwa IAAF, lilianza kutekeleza kanuni zilizomzuia mwanamke mwenye tofauti fulani za ukuaji wa kijinsia, ambaye testosteroni yake ya asili inafika nanomoli 5 kwa lita, kushindana kimataifa kuanzia mita 400 hadi maili moja. Kama alitaka kuendelea, ilimpasa ashushe homoni hiyo kwa miezi sita kwanza. Niyonsaba alihamia mbio ndefu na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Wambui alibaki nje, na mwaka huohuo akapendekeza hadharani kuwe na kitengo cha tatu kwa wanariadha wa aina yake. Semenya ndiye aliyeipeleka vita mahakamani, na safari yake ndiyo inayompa mwanamichezo wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Meru au Embu mafunzo mengi kuliko kitabu chochote cha sheria. Sharti tu aisome vizuri, kwa sababu wengi huisoma kinyume.

Ilikwenda hivi. Aprili 30, 2019, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, ambayo wanamichezo huiita CAS, ilimkatalia Semenya kwa kura mbili kwa moja. Wasuluhishi walio wengi walikiri waziwazi kwamba kanuni zile zinabagua, kisha wakasema ubaguzi huo ni wa lazima na unalingana na lengo lake. Semenya akakata rufaa katika Mahakama Kuu ya Shirikisho la Uswisi, ambayo ilimkatalia Agosti 25, 2020, baada ya kuangalia jambo moja finyu tu: je, uamuzi wa CAS unakiuka misingi mikuu ya utaratibu wa umma wa Uswisi? Kutoka hapo alikwenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Julai 11, 2023, majaji saba waligawanyika wanne kwa watatu wakampa ushindi mpana: amebaguliwa, na hakupata njia ya maana ya kulalamika. Magazeti yalisherehekea. Lakini Julai 10, 2025, Baraza Kuu la mahakama hiyohiyo liliupunguza ushindi huo. Kwa kura 13 kwa 4 lilikataa hata kuyasikiliza malalamiko ya ubaguzi na ya faragha, kwa hoja kwamba Semenya anaishi Afrika Kusini, kanuni zilitungwa na chama binafsi chenye makao Monaco, na Uswisi haina mamlaka juu yake kiasi cha kuwajibika kwa hayo. Kwa kura 15 kwa 2 lilimpa jambo moja: haki yake ya kusikilizwa kwa haki ilivunjwa, kwa sababu mahakama ya Uswisi haikuichunguza kesi yake kwa ukali uliostahili, hasa ikizingatiwa kwamba hakuwa na hiari ya kuikwepa CAS.

Wengi wanaposoma habari hiyo huona kwamba haki za binadamu za kimataifa ni mahakama ya mbali unayoikimbilia mwishoni, ukishashindwa kila mahali. Mimi nauona ushahidi uleule ukisema kinyume kabisa. Kilichomkwamisha Semenya Strasbourg ni umbali. Alikuwa akiidai haki kwa dola ambayo haikuwa yake, kwa sababu tu ofisi za wasuluhishi ziko ndani ya mipaka yake. Mkimbiaji wa Ndaragwa au Kerugoya akiwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya hana tatizo hilo hata kidogo. Anaishi hapa, chama kinachomchagua kimesajiliwa hapa chini ya Sheria ya Michezo, na damu ya kipimo alichofanyiwa huenda ilitolewa papa hapa. Swali la mamlaka, lililomnyima Semenya sehemu kubwa ya kesi yake, kwa mwanamichezo wa Mlima Kenya limeshajibiwa kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo mwongozo huu una neno moja la msingi: hoja ya haki za binadamu ianze kwenye barua ya kwanza unayoandika nyumbani, na iambatane na faili lako kila linakokwenda.

Nguvu ya hoja hiyo nchini Kenya imo ndani ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 2(6) kinasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Kenya ilijiunga na mikataba miwili mikuu ya Umoja wa Mataifa, ule wa haki za kiraia na kisiasa na ule wa haki za kiuchumi na kijamii, mwaka 1972. Mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake ulifuata mwaka 1984, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu mwaka 1992, na Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake mwaka 2010. Huhitaji kuvuka bahari kuitumia. Hakimu wa Nyeri anaweza kuisoma akiwa kitini pake. Kifungu cha 20(1) nacho kinasema Sura ya Haki inamfunga kila mtu, si serikali peke yake, na Kifungu cha 260 kinaeleza kuwa neno mtu linajumuisha kampuni na chama. Hapa ndipo Katiba yetu inapoishinda sheria ya kimataifa yenyewe, ambayo kwa desturi huzifunga dola na kuviacha vyama binafsi vijifiche nyuma ya neno uhuru wa michezo. Shirikisho la michezo la Kenya haliwezi kusema usawa wa Kifungu cha 27, heshima ya utu ya Kifungu cha 28, au faragha ya Kifungu cha 31 ni mambo ya serikali yasiyolihusu.

Basi barua yenyewe. Tuseme umeachwa nje ya timu ya taifa ilhali ulifikisha muda uliowekwa, au umeambiwa kwa simu kwamba jina lako limeondolewa kwa sababu za kiafya ambazo hakuna aliye tayari kuzitaja. Kwa kawaida mwanamichezo humpigia kocha, kocha humpigia afisa wa kaunti, afisa huahidi kufuatilia, na wiki mbili zinapita. Simu hazina ushahidi. Siku ileile andika barua fupi kwa katibu wa shirikisho, yenye tarehe, na uitume kwa baruapepe ili ibaki na alama ya saa. Sema hivi: Nimearifiwa kwa simu tarehe fulani kwamba nimeondolewa kwenye timu. Kwa mujibu wa Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, naomba sababu za uamuzi huo kwa maandishi, nakala ya kanuni iliyotumika, na nafasi ya kusikilizwa kabla uamuzi haujatekelezwa. Naona pia kwamba uamuzi huu unagusa haki zangu chini ya Vifungu vya 27, 28 na 31, pamoja na mikataba ambayo Kenya imeiridhia. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha wakidhani ni mapambo ya mawakili. Siyo. Hoja ambayo haikutajwa chini ni vigumu kuitaja juu, na kesi ya Semenya ilifika Strasbourg ikiwa na uzito kwa sababu hoja za ubaguzi na utu zilikuwa zimeshalimwa mbele ya CAS tangu mwanzo, pamoja na ushahidi wa wataalamu.

Baada ya barua, njia ya kawaida ni Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, ambalo mawakili na waandishi wa spoti huliita SDT. Liliundwa na Sheria ya Michezo ya 2013, na kifungu cha 58 cha sheria hiyo kinalipa mamlaka ya kusikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirikisho, ikiwa ni pamoja na adhabu za nidhamu na kutochaguliwa kwenye timu ya Kenya, pale kanuni za shirikisho zinaporuhusu rufaa hiyo, au mzozo wowote wa michezo ambao pande zote zimekubali kuuleta. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisoma katiba ya shirikisho lako. Kama huna, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa wewe raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa mtu mwingine ukizihitaji kulinda haki yako, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaweka siku 21 za kujibiwa. Hapa pana mtego. Kanuni za CAS nazo huweka siku 21 za kukata rufaa tangu upokee uamuzi, isipokuwa kanuni za shirikisho husika zinasema vingine. Anayesubiri nyaraka kwanza ndipo akate rufaa anaweza kuzipata nyaraka zote mkononi na kukuta mlango umefungwa. Kata rufaa kwanza kwa ulichonacho, omba nyaraka sambamba, na useme kwenye rufaa kwamba utaongeza hoja ukizipata.

Utaulizwa: kwa nini nihangaike na SDT, ambalo makao yake ni Nairobi, wakati Mahakama Kuu iko Nyeri, Meru, Embu, Kerugoya, Murang'a, Chuka, Nanyuki na Nyahururu? Swali ni la haki, na jibu lake halipendezi. Mahakama za Kenya, tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 1992 katika kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya Njenga Karume, zimeshikilia kwamba sheria ikiweka njia maalumu ya kutatua mgogoro, njia hiyo ifuatwe kwanza. (Karume, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Kiambu, huenda hakutarajia kwamba jina lake lingetajwa na wanariadha.) Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 imelirudia hilo, ingawa inaruhusu mahakama kukusamehe kukiwa na sababu za kipekee, na ni juu yako kuziomba na kuzithibitisha. Ukikimbilia Mahakama Kuu bila kupitia SDT, wakili wa shirikisho atainuka na hoja hiyo kabla hujamaliza kujitambulisha. Ila kwenda SDT si kuziacha haki za binadamu mlangoni. Kifungu cha 20(4) kinataja mahakama, jopo au mamlaka nyingine yoyote. Wote wanapotafsiri Sura ya Haki wanapaswa kuendeleza misingi yake. Jopo haliwezi kukuambia kwamba Katiba ni ya majaji peke yao. Na likikosea au likijitoa, unafika Mahakama Kuu ukiwa na rekodi kamili na bila dosari ya kuruka ngazi.

Kuna jambo ambalo mawakili wasiozoea spoti hulisahau, nalo ni kalenda. Mwenye shamba anaweza kusubiri hukumu miaka mitano na shamba likawa pale pale. Mkimbiaji wa mita 800 ana misimu michache ya ubora, na mashindano hayamngoji. Ndiyo maana ombi la amri ya muda lina uzito kuliko hukumu yenyewe mara nyingi. Mwishoni mwa Mei 2019 mahakama ya Uswisi ilisimamisha kwa muda matumizi ya kanuni kwa Semenya, akakimbia na kushinda mita 800 kwenye mashindano ya Prefontaine nchini Marekani mwezi uliofuata, kisha mwishoni mwa Julai amri ikaondolewa na Mashindano ya Dunia ya Doha yakampita. Wewe ukiwa SDT au Mahakama Kuu, omba amri hiyo kwa hati ya dharura siku unayowasilisha kesi. Ambatisha kiapo kinachotaja tarehe ya safari ya timu, tarehe ya mwisho ya kusajili majina, na kile ambacho hakiwezi kulipwa kwa fidia baadaye. Kiapo kinachosema tu kwamba mwombaji ataathirika vibaya hakimsaidii jaji. Kinachosema orodha inafungwa Ijumaa saa kumi na moja kinamsaidia.

Pingamizi utakayosikia kwanza ofisini ni hii: ukienda mahakamani, Kenya itafungiwa. Hutolewa hasa kwenye kandanda, kwa sababu FIFA hukataza wanachama wake kupeleka mizozo katika mahakama za kawaida. Tuitazame historia badala ya kuogopa kivuli. FIFA iliifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022, lakini chanzo kilikuwa wizara kuivunja kamati ya shirikisho la kandanda la Kenya, FKF, Novemba 2021 na kuweka kamati ya muda, yaani serikali kushika usukani wa shirikisho. Hakuwa mchezaji aliyedai haki yake. Kabla ya hapo, Desemba 2019 na tena Machi 2020, SDT lilifuta uchaguzi wa FKF mara mbili, na Kenya haikufungiwa kwa ajili hiyo. Jopo lililoundwa na sheria kwa ajili ya michezo si uingiliaji wa serikali. Na mchezaji wa klabu ya mtaani anayedai mshahara hana hata haja ya kuliwaza hilo: pande zote zikiwa za Kenya, mkataba wake ni wa kazi, Kifungu cha 41 kinamlinda, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo chake Nyeri. Huko mizania ya klabu na risiti za M-Pesa zina sauti kuliko kanuni yoyote ya Zurich.

Ndugu wa pingamizi hiyo ni ile ya saini. Ulitia saini fomu ya leseni inayosema mizozo yote itaamuliwa na CAS, basi umejifunga. Strasbourg ilishalijibu hilo Oktoba 2, 2018, katika kesi ya Claudia Pechstein, mteleza barafuni wa Ujerumani: usuluhishi ambao mwanamichezo hana budi kuukubali ili apate riziki yake hauwezi kuhesabiwa kuwa hiari, kwa hiyo lazima uwe na ulinzi wote wa kesi ya haki, ikiwemo kusikilizwa hadharani mwanamichezo akiomba. Na Agosti 1, 2025, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya klabu ya Ubelgiji ya Seraing dhidi ya FIFA, iliamua kwamba mahakama za nchi wanachama lazima ziwe na uwezo wa kuzichunguza hukumu za CAS kwa mizani ya sheria za msingi za Umoja huo. Maamuzi hayo hayamfungi jaji wa Nyeri. Lakini yanampa sababu ya kutotishika na fomu, na wakili wako anapaswa kuyaweka kwenye hoja zake za maandishi. Saini yako ni ushahidi kwamba ulitaka kukimbia, zaidi kidogo tu ya hapo.

Pingamizi nzito kuliko zote si ya kiutaratibu. Inasema hivi: nao wanawake wanaoshindana na Semenya na Wambui wana haki, na kitengo cha wanawake kiliundwa ili wapate nafasi sawa, kwa nini haki za wachache ziwameze walio wengi? Hoja hii haifai kubezwa, na mwanamichezo anayeibeza mbele ya jopo atashindwa. Sheria ya haki za binadamu haimwahidi mtu ushindi. Inamlazimisha anayewekea mwingine kikwazo aonyeshe mambo matatu: kwamba lengo lake ni halali, kwamba ushahidi unaonyesha kikwazo kinalifikia lengo hilo, na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi. Wanawake wengine kwenye mstari wa kuanzia wanapata ulinzi kwenye swali la kwanza. Aliyefungiwa anapata wake kwenye la pili na la tatu. Hata wasuluhishi wa CAS waliomkatalia Semenya walionyesha wasiwasi kuhusu ushahidi katika mita 1,500 na maili moja, wakapendekeza shirikisho lifikirie kusubiri kwenye mbio hizo. Shirikisho halikusubiri. Miaka minne baadaye, Machi 2023, shirikisho hilo, sasa likiitwa World Athletics, lilipanua masharti kwa mbio na michezo yote na kushusha kiwango hadi nanomoli 2.5 kwa miezi 24. Ndiyo sababu naona swali la ushahidi ndilo la kulikaza: nani alipima, wanawake wangapi, katika mbio zipi, na data iko wapi.

Upande mwingine wa jambo hili unagusa kila binti anayelenga mashindano ya dunia. Tangu Septemba 1, 2025, World Athletics inataka kila anayeshindana katika kitengo cha wanawake kwenye mashindano yanayohesabiwa katika orodha yake ya viwango vya dunia afanyiwe mara moja maishani kipimo cha jeni ya SRY, kwa damu au kwa pamba ya shavuni, na mashirikisho ya nchi ndiyo yanayosimamia. Ufaransa ina sheria inayozuia kipimo cha jeni kisicho na sababu ya kitabibu au amri ya mahakama, na wanariadha wake ikabidi wapimwe nje. Kenya haina katazo la namna hiyo, lakini ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayozihesabu taarifa za afya na za jeni kuwa nyeti. Kabla ya kufungua mdomo kwa pamba, mzazi au mwanariadha adai maelezo kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa: kipimo kinatafuta nini, maabara ni ipi, matokeo yataonwa na nani, yatahifadhiwa muda gani, na ni daktari gani atakayeyaeleza yakija tofauti. Msichana aliye chini ya miaka 18 asipimwe kambini bila mzazi kujua. Matokeo yakivuja, lalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Na kama kuna mtoto anayezaliwa na maumbile ya namna hii, Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua na kumlinda. Si jambo la kuzungumzwa kwa minong'ono ya wasimamizi wa timu. Mganda Annet Negesa amesimulia hadharani jinsi alivyofanyiwa upasuaji mwaka 2012 ili aruhusiwe kukimbia, bila kuelezwa vya kutosha. Hakuna nishani inayohalalisha saini ya namna hiyo.

Mahali ambapo hoja ya haki za binadamu haina nguvu sana, nikuambie mapema usipoteze pesa. Ni kwenye dawa za kusisimua misuli, ambako ndiko kwenye mizozo mingi ya wanariadha wetu. Januari 2018 Strasbourg ilikubali kwamba kumtaka mwanamichezo aeleze kila siku alipo ili apimwe ghafla ni kuingilia faragha kunakoruhusiwa. Usiende SDT ukidai upimaji wenyewe ni dhuluma. Nenda na utaratibu: uliarifiwa vipi, sampuli ilifungwa mbele yako au la, uliambiwa haki yako ya kufunguliwa sampuli ya pili, karatasi za dawa uliyopewa hospitalini ziko wapi. John Ngugi wa Nyahururu, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 1988 na mshindi mara tano wa mbio za nyika za dunia, alifungiwa miaka minne mwaka 1993 kwa kukataa kupimwa na mgeni aliyemjia nyumbani bila taarifa, na adhabu ikapunguzwa baadaye kwa kuwa hakuwa ameelimishwa kuhusu upimaji wa namna hiyo. Leo utetezi huo haungesimama. Unyanyasaji wa kimwili na kingono unaofanywa na makocha nao usiuite mzozo wa michezo wala kuupeleka kwenye suluhu ya wazee. Ni jinai. Ni wa polisi na mahakama.

Ukishamaliza ngazi za Kenya ndipo nje kunapokuja, na hapa wengi hudanganywa. Huwezi kupeleka kesi yako binafsi kwa kamati za Umoja wa Mataifa zinazosimamia mkataba wa haki za kiraia au ule wa wanawake, kwa sababu Kenya haijaridhia itifaki zinazoruhusu hilo. Huwezi kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu jijini Arusha pia, kwa kuwa Kenya haijatoa tamko linalowaruhusu raia. Lango lililo wazi ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, Banjul, inayodai umalize njia za nyumbani kwanza na uwasilishe ndani ya muda wa kuridhisha. Ni taratibu mno: Waendorois wa Ziwa Bogoria walifungua kesi yao mwaka 2003, uamuzi wa kuwapa haki ukatoka mwaka 2010, na utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Mahakama ya Afrika Mashariki, pia Arusha, haidai umalize njia za nyumbani, lakini inakupa miezi miwili tu tangu tukio. Kwa mkimbiaji mwenye msimu mmoja mbele yake, lililo jepesi kuliko yote ni barua kwa wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa. Haiigharimu familia chochote. Mwaka 2018 wataalamu hao waliiandikia IAAF kuhusu kanuni za Semenya, na Machi 2019 Baraza la Haki za Binadamu likapitisha azimio kuhusu ubaguzi dhidi ya wanawake katika michezo. Nyaraka hizo hazikuzuia kanuni, lakini ziliingia kwenye faili la kesi iliyofuata.

Gharama nazo zinatisha kuliko zilivyo. Kifungu cha 22 cha Katiba kinakataza ada ya kufungua ombi la kulinda haki, na kinaruhusu mahakama kupokea hata barua isiyo rasmi. Mtu mwingine au chama kinaweza kulifungua kwa niaba yako. Nyaraka hupelekwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama, kwa hiyo Endarasha si mbali na Nairobi kama zamani. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, Kituo cha Sheria na FIDA Kenya husaidia wasio na uwezo, na CAS ina mfuko wa msaada ambao lazima uuombe mapema, ingawa hutoza ada ya kufungua rufaa ya faranga 1,000 za Uswisi. Kinachokula pesa ni wataalamu wa tiba, na hilo ndilo la kutafutia chuo kikuu au daktari wa hiari kabla ya kumtafuta wakili. Banjul itakapouliza ulifanya nini Kenya, itataka nakala iliyothibitishwa ya kila uamuzi, kuanzia jibu la shirikisho hadi hukumu ya Mahakama ya Rufaa. Omba nakala hizo kwa msajili siku hukumu inaposomwa.